Kujitolea Kazi: Barua Mbili Kutoka Kusini



Mwezi huu tumepokea barua mbili, zote mbili kutoka mkoa wa Lindi. Walioziandika hawajuani, wala hakuna aliyejua kwamba mwenziwe ametuandikia. Lakini tulipozisoma pamoja tuliona zauliza swali moja. Ya kwanza ni ya mama mmoja wa Ruangwa, na ya pili ni ya kijana wa Nachingwea. Majina yao tunayahifadhi.

Mama wa Ruangwa aeleza kwamba binti yake alirudi nyumbani mwaka juzi baada ya kupata stashahada ya uhasibu. Amepeleka maombi ya kazi mpaka hesabu ya barua imempotea. Sasa chama cha msingi cha ushirika cha kijijini kwao kimemwomba asaidie kuandika vitabu katika msimu wa ufuta, maana karani wao ni mmoja tu, mtu mzima, na mambo ya kompyuta yamempita kando. Fungu la kumlipa hawana; watampa nauli na chakula cha mchana. Binti ataka kwenda. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya ada, amekataa kabisa. Maneno yake mama ameyaandika kama yalivyotoka: elimu tuliyoinunua kwa korosho haigawiwi kama maandazi ya maulidi. Mama yuko baina ya ndugu yake na mwanawe, na nyumba imekuwa nzito. Auliza: nimsikilize nani?

Kijana wa Nachingwea ana shahada ya ualimu, na somo lake ni hesabu. Huu ni mwaka wake wa tatu akijitolea katika shule moja ya sekondari. Hupewa posho ndogo itokayo katika michango ya wazazi. Mwezi mwingine hupata, mwezi mwingine hapati. Vipindi vyake ni vingi kuliko vya baadhi ya walimu wenye mshahara. Kila akitaka kuondoka huambiwa, vumilia, nafasi zikija wewe utafikiriwa kwanza. Baba yake, mzee mcha Mungu, humwambia kwamba subira ni ibada. Kijana hakatai. Auliza tu kama subira hii ina mwisho, kwa kuwa amechumbia, na watu wa upande wa pili nao wanauliza.

Jibu letu kwa mama ni hili: mwache binti aende. Na kwa kijana: muhula huu uwe wa mwisho kwa namna hii. Twajua wapo watakaotushangaa, waseme mbona jambo moja mwalihimiza huku na kulizuia kule. Basi na tueleze sababu zetu.

Wengi wetu tumesoma katika Suratul Qasas kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipofika kwenye maji ya Madyan. Alikuwa mkimbizi, hana nyumba wala kazi wala mtu anayemjua katika nchi ile. Akakuta wachungaji wamejaa kisimani, na kando yao wanawake wawili wanazuia wanyama wao. Akawauliza wana nini. Wakamwambia kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Akawanyweshea. Hakuomba kitu, alikwenda kukaa kivulini akamwomba Mola wake, akikiri kwamba ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa.

Masimulizi mengi ya kisa hiki hukomea hapo kivulini, nayo huwa mawaidha mazuri juu ya kusaidia watu. Lakini kisa hakikomei hapo. Mmoja wa wale wanawake alirudi, akitembea kwa haya, akamwambia kwamba baba anakuita akulipe kwa kutunyweshea. Na walipofika nyumbani, ni yeye au dada yake aliyemshauri baba amwajiri mtu huyu, akataja sifa mbili: ana nguvu, na ni mwaminifu. Mzee yule, ambaye wengi husema ni Nabii Shuaib, akaweka mapatano: amwoze mmoja wa binti zake, naye Musa amtumikie miaka minane, na akitimiza kumi hiyo ni khiari yake. Musa akakubali, akasema muda wowote atakaoutimiza kati ya miwili hiyo asidhulumiwe.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyopangika. Kazi ya bure ilikuwa ya siku moja, tena pengine saa chache za siku hiyo. Kazi ya miaka ilikuwa na mapatano, na muda wake ulitajwa, na malipo yake yalijulikana kabla ya kuanza. Na yule aliyemsemea hakumsemea kwa sababu ya ukoo au kwa kubembelezwa, bali alimwona akifanya kazi kwa macho yake. Sisi twaona jawabu la barua zote mbili limo humo. Binti wa Ruangwa bado yuko kisimani. Kijana wa Nachingwea yuko katika mwaka wa tatu wa kuchunga, na hakuna aliyemtajia mwisho.

Tuanze na Ruangwa, kwa sababu kuna watu, na mjomba huenda ni mmoja wao, wanaodhani kuandika vitabu vya chama cha msingi ni kukaa mezani na kalamu. Wale wasioishi kusini huenda hawajui vizuri mambo ya stakabadhi ghalani. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2005, na katika korosho utaratibu ukaanza msimu wa 2007/08. Siku hizi ufuta na mbaazi pia huuzwa kwa njia hiyo. Mkulima huleta magunia yake kwenye chama. Yanapimwa, anaandikiwa kilo zake na kupewa karatasi. Mzigo wa wakulima wengi hukusanywa pamoja, ukapelekwa ghala kuu, ukatangazwa mnadani. Kwa wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale chama kikuu ni RUNALI, ambacho jina lake limeunganishwa kwa herufi za kwanza za wilaya hizo tatu. Wakulima husikia bei, na wakiikubali mnunuzi hulipa, kisha fedha hurudi kupitia benki hadi kwa mkulima mmoja mmoja, baada ya makato yanayohusika.

Sasa fikirini ni mahali pangapi katika safari hiyo ambapo kalamu yaweza kuteleza. Mkulima aitwa Hamisi Saidi kwenye kitabu, na benki aitwa Saidi Hamisi. Tarakimu moja ya akaunti imekosewa, na fedha zimerudi zilikotoka au zimekwenda kwa mtu mwingine. Gunia lilipimwa kilo 71, likaandikwa 17. Bibi kizee aliyelima ekari mbili kwa jembe la mkono hulala na njaa wiki tatu nyingine kwa sababu ya tarakimu mbili zilizogeuzwa, na hana wa kumlaumu ila kusema chama kimekula. Na mara nyingi chama hakikula, karani alichoka. Mtu aliyesomea uhasibu akikaa kwenye meza ile msimu mmoja, akalinganisha kitabu cha mizani na orodha ya benki kila jioni kabla ya kwenda nyumbani, atakuwa ameokoa jasho la watu wengi. Hii ndiyo maana tunasema binti aende. Maandazi ya maulidi, ndugu yetu mjomba, huliwa yakaisha. Hesabu iliyolingana haiishi hivyo.

Na yeye binafsi atapata nini? Haya tuyaseme wazi, maana wazazi wengine huona aibu kuuliza, kana kwamba kutaka faida katika kazi ya kheri ni dhambi. Musa mwenyewe alipomaliza kunywesha aliomba kheri kwa Mola wake. Hapana ubaya mtu kutia nia ya kuwasaidia wakulima wa kijijini kwake, na pamoja nayo nia ya kujipatia njia ya riziki ya halali, maadamu hasemi uwongo juu ya mojawapo.

Kwanza atapata kitu ambacho chuo hakikuweza kumpa. Mtihani wa chuo huleta hesabu zilizokamilika, zenye tarakimu safi. Vitabu vya ushirika huja na karatasi zilizoloa mvua, saini za dole gumba, na mwenyekiti anayekumbuka kwamba mwaka jana alimkopesha mtu magunia kumi bila maandishi. Mwenye kuweza kuzifanya hesabu hizo zilingane ameshakuwa mhasibu. Hata Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu haimthibitishi mtu kwa mitihani peke yake. Hutaka na uzoefu wa kazi.

La pili ni mashahidi. Yeyote aliyepeleka maombi Sekretarieti ya Ajira anajua kwamba huulizwa majina ya wadhamini, watu wa kuaminika wanaoweza kueleza habari zake. Kijana aliyekaa nyumbani miaka miwili atamwandika nani? Huandika mwalimu wake wa chuo, ambaye alifundisha darasa la watu mia mbili na hamkumbuki. Kisha huandika ami yake. Lakini katika msimu mmoja wa ufuta binti huyu atafanya kazi mbele ya katibu wa chama, ofisa ushirika wa wilaya, karani wa benki anayepokea orodha zake, mtu wa ghala kuu, na labda mkaguzi wa COASCO atakapokuja kuvikagua vitabu. Watano hao hakuwajua jana. Kila mmoja ana ofisi yake, na kila ofisi huulizwa mara kwa mara, je, mnamfahamu mtu wa hesabu anayeaminika? Watu wa mijini wana majina makubwa ya jambo hili. Wazee wetu waliliita kujuana, na kujuana kwenyewe ni kwa namna mbili: kuna kujuana kwa kupeana mkono harusini, na kuna kujuana kwa kuonana kazini. Hii ya pili ndiyo anayoisema yule binti wa Madyan, nguvu na uaminifu, mambo mawili ambayo hayaonekani harusini.

Tena Ruangwa ya leo siyo ile ya zamani. Huko Matambarale umejengwa mgodi wa kinywe, madini yanayotumika katika betri, na palipo na mgodi pana maghala, malori, wapishi, mafundi, na kila mmoja wao ana hati zinazohitaji mtu wa kuzipanga. Wanaoajiri huko hawatafuti cheti tu, maana vyeti wanaletewa vingi.

Vijana wa Ruangwa tutawakumbusha jambo moja wanalolijua kuliko sisi. Timu yao ya Namungo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na mwaka 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho. Je, mchezaji husajiliwa kwa kueleza kwa barua jinsi anavyopiga chenga? Hucheza kwanza, kwenye viwanja vya vumbi, bila malipo, mpaka mtu mwenye macho apite. Na hakuna mjomba aliyewahi kusema kwamba mwanawe anatumikishwa na mpira.

Pamoja na hayo, mjomba ana haki katika jambo moja, na tusingependa mama amjibu kwa ukali. Anaogopa kwamba msimu mmoja utakuwa miwili, na miwili itakuwa mitano, na watu watazoea kumwita binti kila wanapokwama. Hofu hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo inayotupeleka Nachingwea.

Nachingwea ni mji unaojua nini maana ya kujitolea. Kabla ya hapo ulijua pia maana ya ahadi kubwa. Mwaka 1946 wajumbe kutoka Uingereza walizunguka nchi yetu kwa muda wa wiki tisa, wakaandika kwamba karanga zitastawi. Mwaka 1947 kazi ikaanza, Kongwa, Urambo na Nachingwea, matrekta yakaja, reli ikajengwa kutoka pwani hadi huko. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na katika miaka ya 1960 hata reli ikafungwa na kung'olewa. Waliobaki na kitu ni wale waliojifunza kuendesha na kutengeneza mitambo. Karanga zenyewe, wenyeji wamezilima siku zote kwa jembe, na moja ya mbegu zilizotolewa na watafiti wetu wa Naliendele mwaka 2009 ina jina la Nachingwea. Hilo ni jambo la kando, lakini linatufurahisha.

Baada ya karanga wakaja ndugu wa Msumbiji. Tangu katikati ya miaka ya 1960 hata 1975 FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo hapo Nachingwea. Aliyeiongoza, Samora Machel, kazi yake ya asili ilikuwa uuguzi katika hospitali ya Lourenço Marques, mji unaoitwa leo Maputo. Aliacha mshahara wake mwaka 1963 akaja Dar es Salaam kujiunga na wenzake. Kambini mwalimu alifundisha kusoma, muuguzi aliuguza, mkulima alilima, na hakuna aliyefungua kitabu cha mishahara. Mei 1975 Samora aliondoka hapo akavuka Ruvuma, na tarehe 25 Juni mwaka huo Msumbiji ikapata uhuru, naye akawa Rais wake wa kwanza. Hatusemi watu wale walikwenda Nachingwea kutafuta vyeo. Wengi walikwenda wakafa. Twasema hivi: waliofanya kazi pamoja bila malipo ndio waliojuana, na waliojuana ndio walioendesha nchi.

Lakini angalia tofauti, ewe kijana wetu. Kambini pale mkubwa na mdogo walikula chungu kimoja. Katika shule yako, kwa jinsi ulivyoeleza, wewe peke yako ndiye uliyejitolea. Wengine wote, tangu mkuu hata mlinzi, wana mwisho wa mwezi. Mtu mmoja akifunga saumu katika nyumba ya watu wanaokula mchana, wenye nyumba huzoea upesi kumwona akihudumu mezani.

Kuna mfano mwingine wa jirani. Mwaka 1971 Masasi ilikuwa moja ya wilaya sita zilizotangulizwa katika kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika, kisha ikatangazwa nchi nzima kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwaka 1975. Wengi wa waliofundisha hawakuwa walimu wa kuajiriwa, walikuwa watu wa kijijini waliojua kusoma wakawafundisha wasiojua. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha asilimia 67. Mwaka 1975 walikuwa asilimia 39. Hao nao walijitolea. Lakini waliambiwa darasa ni la nani, kitabu ni kipi, mtihani ni lini, na tarehe ya mwisho ikatajwa hadharani na Rais. Kujitolea kwao kulikuwa na milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea.

Sasa ile ahadi uliyopewa, kwamba utafikiriwa kwanza. Tunakuomba umuulize kwa adabu aliyeitoa, je, kuajiri ni kwake? Hatumtuhumu, huenda anasema kwa moyo mwema, kwa kuwa bila wewe madarasa manne hayana mwalimu wa hesabu. Lakini nafasi za walimu wa Serikali hazigawiwi na mkuu wa shule. Mwaka 2023 zilipotangazwa nafasi 21,200 za walimu na watumishi wa afya, walioomba walizidi 170,000. Na tangu mwanzo wa mwaka 2025 waombaji wa ualimu wanaitwa kwenye usaili. Basi tazama hatari yako: mwenzako aliyekaa nyumbani amepata miezi ya kujiandaa kwa usaili, nawe unasahihisha madaftari mpaka usiku kwa ajili ya ahadi ambayo aliyeitoa hana funguo zake.

Kabla hujampa mtu kazi yako bure kwa kutegemea jambo fulani, tazama kama jambo hilo liko mikononi mwake. Chama cha msingi kimemwambia binti wa Ruangwa kwamba hakina kazi ya kumpa, kina nauli na chakula. Huo ni ukweli, na juu ya ukweli mtu aweza kujenga. Wewe umeambiwa neno tamu zaidi, na ndilo lililokufunga miaka mitatu.

Hatukuambii uondoke kesho. Wanafunzi wa kidato cha nne wana mtihani mbele yao, na kuwaacha katikati ni kuvunja amana ambayo hukuandikiana nao lakini wanaitegemea. Maliza muhula. Wakati huo huo mwandikie mkuu wa shule barua ya heshima, umweleze kwamba muhula ujao waweza kufundisha siku mbili tu kwa wiki, na kwamba waomba hati inayoonyesha madarasa uliyoyafundisha, miaka, na matokeo ya wanafunzi wako katika hesabu. Hayo matokeo ndiyo mali yako ya miaka mitatu, na hadi leo yamekaa katika kabati la mtu mwingine. Siku zitakazobaki, moja uitengee usaili. Nyingine fundisha hesabu kwa malipo, wapo wazazi Nachingwea watakaolipa, hata kama ni kwa gunia la mbaazi. Na shamba usilidharau. Mwalimu mwenye ekari tatu za ufuta huzungumza na wakwe bila kutetemeka.

Na baba yako, mpelekee salamu zetu. Subira ni ibada, kweli kabisa. Lakini subira ni kwa jambo ambalo mtu hana uwezo nalo. Kuacha kuuliza unapoweza kuuliza kuna jina jingine.

Hapa tungeweza kukomea, lakini ingekuwa hukumu ya upande mmoja, kwa sababu tumewasemesha vijana na wazazi, hatukuwasemesha wanaopokea kazi ya bure. Nao wengine ni sisi wenyewe. Ni kamati zetu za misikiti na madrasa. Taa za msikiti zikiharibika huitwa fundi Muislamu, akaambiwa ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Baada ya mwezi bomba limepasuka, huitwa fundi mwingine asiye jamaa, akalipwa siku ile ile. Yule wa kwanza huona. Haneni, lakini huona, na mara ya nne simu yake haipokelewi, nasi twasema vijana wa siku hizi hawana dini. Mtume (s.a.w.) alihimiza ujira wa mfanya kazi usicheleweshwe, na hatukupata kusikia kwamba aliwatoa humo mafundi wa misikiti. Akisema mwenyewe kwamba ametoa sadaka, hiyo ni shani yake. Kumwekea sadaka mdomoni ni jambo jingine.

Na ukurasa huu wenyewe hauna mikono safi. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja alitupangia barua zetu zote za wasomaji, kazi ya miezi miwili, bila kudai kitu. Tulimshukuru sana kwa maneno. Alipopata nafasi ya kuomba kazi ya ukutubi alituomba barua ya ushahidi, na tukaiahirisha kwa shughuli mpaka tarehe ikapita. Hakutulaumu. Tungefurahi zaidi kama angetulaumu.

Kwa hiyo mama wa Ruangwa, binti asiende mikono mitupu. Kabla ya siku ya kwanza aandike karatasi ya mistari michache, naye katibu wa chama aitie saini na muhuri. Iseme kwamba atafanya kazi ya kuandika mapokezi na kulinganisha orodha za malipo, tangu kufunguliwa kwa ghala hadi malipo ya mnada wa mwisho wa ufuta msimu huu. Iseme kwamba fedha taslimu hatashika hata shilingi moja. Hilo ni muhimu kuliko yote, maana mtu asiyekuwa mwajiriwa akishika fedha na zikapungua, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kushukiwa na wa mwisho kutetewa. Iseme nauli ni kiasi gani na italipwa lini. Na iseme kwamba msimu ukiisha atapewa barua yenye kueleza alichofanya, si maneno ya kwamba ana tabia njema tu, bali wakulima wangapi, kilo ngapi, na makosa mangapi aliyoyagundua. Wakitaka arudi kwa korosho mwezi wa kumi, hapo wazungumze mshahara, na mjomba awepo kwenye mazungumzo hayo.

Umetuuliza pia, mwishoni mwa barua, kuhusu binti kukaa ofisini na wanaume na kurudi jioni. Ofisi ya ushirika msimu wa ufuta ina watu wengi kuliko soko, na mlango wake haufungwi mchana kutwa. Meza yake iwekwe karibu na mizani, mahali ambapo wakulima wanawake hukaa kusubiri zamu. Siku malori yanapochelewa mdogo wake wa kiume aende kumchukua kabla ya magharibi, na kitabu kisicholingana siku hiyo kifungiwe kabatini mpaka asubuhi.

Karatasi hiyo ikishatiwa saini, mwonyeshe mjomba kwanza.